Kabla ya "Sistimu Iko Chini": Jinsi Diski za Seva Zinavyosomwa na Kutunzwa

Mkazi anayetoka Likuyani au Khwisero alfajiri kufuata leseni ya biashara, kisha akaambiwa kwenye kaunta kwamba sistimu iko chini, hupoteza nauli na siku nzima ya kazi. Mara nyingi tatizo huwa dogo: stima imepotea, au kebo ya mtandao imekatwa na wachimbaji wa barabara, na baada ya saa chache huduma hurejea. Lakini ipo "chini" ya aina nyingine ambayo haiponi kwa kungoja. Ni pale diski iliyobeba kumbukumbu zenyewe inapokufa. Mtandao ukirudi, leseni hupatikana. Diski ikifa bila nakala, malipo ya miaka kadhaa ya kodi ya ardhi, au historia ya dawa za mgonjwa wa kisukari, huenda isionekane tena popote.

Jambo la kutia moyo ni kwamba diski nyingi hutoa dalili kabla ya kufa, na dalili hizo huandikwa na mashine yenyewe. Makala haya yanaeleza zinaandikwa wapi, mafundi huzitumiaje, na kwa nini wakati mwingine huduma husimamishwa usiku au wikendi ili hifadhi ya seva ikaguliwe. Maelezo haya yanawafaa pia wanaotunza seva ndogo za SACCO, za shule, za maduka ya dawa na za kliniki za binafsi, kwa maana mashine zao hufa kwa sababu zile zile.

Kumbukumbu hukaa wapi

Seva ni kompyuta kama nyingine, ila kazi yake ni kuhudumia kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, mchana na usiku. Ndani yake mna diski, na nafasi ya diski hugawanywa katika sehemu ziitwazo voliumu, jinsi mkulima anavyogawanya ghala: mahindi huku, maharagwe kule. Voliumu moja hubeba programu zinazoendesha seva. Nyingine hubeba hifadhidata yenye majina, malipo na matibabu ya watu. Mgawanyo huu unaonekana kuwa mambo ya mafundi tu, lakini siku voliumu moja inapojaa au kuharibika ndio huamua kama nyingine zitaendelea kufanya kazi.

Eneo hili la magharibi si geni katika mambo haya. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, katika kaunti jirani ya Nandi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa wa nje katika kompyuta, wakati ambapo hospitali nyingi kubwa nchini zilikuwa bado zinategemea faili za karatasi. Mitambo yenyewe ilikuwa kompyuta 2 zilizounganishwa, zikisaidiwa na betri za sola umeme ulipokatika. Kazi hiyo ya Mosoriot na Eldoret ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006, na juu yake ikajengwa KenyaEMR, ambayo leo iko katika vituo vingi vya afya nchini, hasa katika kliniki za wanaotumia ARV. Wagonjwa wengi hudhani rekodi hizo ziko Nairobi. Katika vituo vingi seva iko hapo hapo kituoni, pengine katika chumba kidogo nyuma ya dirisha la kadi, na afya ya diski zake ni jambo la kituo hicho.

Radi, giza na maandishi ya nusu

Kakamega hupata mvua nyingi, na alasiri za msimu wa masika huja na radi. Kila mwenye televisheni anajua kuchomoa waya wingu linapotanda. Seva haiwezi kuchomolewa kila wingu linapotanda. Kisha kuna giza la ghafla. Tarehe 25 Agosti 2023, na tena tarehe 10 Desemba mwaka huo huo, umeme ulipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haukusalimika.

Seva inapozimika ghafla, hatari kubwa si kuzimika kwenyewe bali ni kuzimika katikati ya kuandika. Malipo ya mfanyabiashara yameingia kwenye jedwali moja, bado hayajaingia kwenye jingine. Ndiyo sababu mifumo ya faili ya kisasa, kama NTFS ya Windows na ext4 ya Linux, huandika kwanza katika jarida dogo jambo inalotaka kufanya, kisha ndipo hulifanya. Umeme ukirudi, seva husoma jarida na kukamilisha kilichokatizwa au kukifuta. Jarida hilo hulinda mpangilio wa faili. Halitoi hakikisho kwamba yaliyomo ndani ya kila faili ni sahihi, na hapo ndipo ukaguzi unapohitajika baada ya kila giza la ghafla.

UPS husaidia, lakini ofisi nyingi huitumia nusu. UPS hutoa dakika chache tu. Faida yake kamili hupatikana pale waya wake wa mawasiliano unapounganishwa na seva, ili betri ikikaribia kuisha seva ijizime yenyewe kwa utaratibu. Mahali pengi waya huo umebaki ndani ya katoni.

Diski husema, nani husikiliza?

Tangu miaka ya 1990 diski hutengenezwa zikiwa na uwezo wa kujipima, unaojulikana kama SMART. Diski huhesabu saa ilizofanya kazi, joto lake, na sehemu zake zilizoharibika. Fundi anayetumia programu ya smartctl huangalia hasa namba 3. Namba 5 huonyesha sehemu mbovu ambazo diski imezihamisha na kuweka nyingine za akiba. Namba 197 huonyesha sehemu ambazo diski inazishuku. Namba 198 huonyesha zile zilizoshindikana kabisa kusomeka. Diski yenye afya huwa na sifuri katika zote 3, na kinachotisha zaidi kuliko idadi yenyewe ni kuiona ikipanda wiki hadi wiki.

Mbali na diski yenyewe, seva nayo ina daftari la matukio, ambalo mafundi huliita logi. Katika Windows, tukio namba 7 kutoka kwa diski humaanisha imekutana na sehemu mbovu. Namba 153 humaanisha ombi la kusoma au kuandika lilibidi lirudiwe. Namba 55 humaanisha mpangilio wa voliumu umeharibika na unahitaji kukaguliwa. Katika Linux habari kama hizo hupatikana kwa amri ya journalctl au dmesg. Maandishi haya ni ya Kiingereza na ni makavu, lakini si mengi, na afisa yeyote wa TEHAMA aweza kuyachuja kwa dakika 10 kila asubuhi akinywa chai.

Je, dalili hizo ni za kuaminika kiasi gani? Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Waligundua kwamba diski ikipata hitilafu ya kwanza ya kusomwa, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 zinazofuata huwa mara 39 ya ule wa diski zisizo na hitilafu hiyo. Hilo ni onyo zito. Lakini waligundua pia kwamba asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote ya SMART. Kwa hiyo fundi anayesoma logi atawahi hatari nyingi, ila hawezi kuziwahi zote. Anayesema "diski yangu ina afya, sihitaji nakala" hajamaliza kusoma utafiti huo.

Kuna ajali moja ambayo hujirudia ulimwenguni kote, na inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu huanza kimya kabisa. Seva nyingi hutumia mpango uitwao RAID, ambapo diski kadhaa hufanya kazi kama moja. Katika RAID 1 diski 2 hubeba maandishi yale yale. Katika RAID 5 diski 3 au zaidi hugawana maandishi pamoja na hesabu ya ziada, hivyo moja ikifa zilizobaki huweza kukokotoa kilichopotea. RAID 6 huvumilia vifo 2. Mpango huu ni mzuri, na uzuri wake ndio mtego. Diski moja ikifa, huduma haisimami. Wahudumu wa kaunta wanaendelea, wagonjwa wanaendelea, hakuna anayepiga simu. Taa ndogo imegeuka rangi ya machungwa ndani ya chumba kilichofungwa, na mstari mmoja umeandikwa kwenye logi. Kama hakuna anayesoma, seva ya RAID 5 itatembea hivyo kwa miezi ikiwa haina kinga yoyote, hadi diski ya pili ife. Siku hiyo voliumu nzima huondoka.

Hata onyo likisomwa, diski mpya inapowekwa seva hulazimika kusoma kila sehemu ya diski zilizobaki ili kujaza ile mpya. Hapo ndipo sehemu mbovu ambazo hazikuwa zimeguswa kwa mwaka mzima hugunduliwa, wakati mbaya kuliko wote. Kwa sababu hii seva nzuri hupangiwa ukaguzi wa mara kwa mara, ambapo diski zote husomwa zote, hata faili ambazo hakuna anayezifungua. Matoleo ya Debian na Ubuntu yanayotumia RAID ya Linux hufanya hivyo yenyewe usiku wa kuamkia Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Muuguzi wa zamu ya usiku anayeona kompyuta inasuasua usiku huo huenda anashuhudia ukaguzi huo bila kujua.

Tena RAID haizuii ugonjwa unaoshika diski zote kwa pamoja. Mnamo Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya diski zake za SSD zilikuwa na kosa katika programu ya ndani, na zingekufa zikitimiza saa 32,768 za kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Diski zilizonunuliwa pamoja na kuwashwa siku moja zingekufa karibu saa moja. Tiba ilikuwa rahisi, kusasisha programu hiyo ya ndani mapema, lakini ilimfaa tu yule aliyejua diski zake ni za aina gani na zimefanya kazi saa ngapi.

Logi inapogeuka mzigo

Logi za kawaida huandika machache. Hitilafu isiyoeleweka ikitokea, kwa mfano malipo yanakubaliwa lakini risiti haitoki, fundi huwasha logi za uchunguzi, ambazo huandika kila hatua. Katika MySQL, hifadhidata inayotumiwa na KenyaEMR, ipo logi iwezayo kuandika kila swali linaloingia. Ni chombo kizuri sana cha kumnasa mkosaji. Kwa kawaida huwa imezimwa, na huzimwa kwa sababu nzuri: katika ofisi yenye shughuli nyingi hukua kwa kasi. Fundi akiisahau ikiwa imewashwa, hujaza voliumu, na hifadhidata iliyokosa nafasi ya kuandika husimama. Uchunguzi wa hitilafu ndogo unakuwa hitilafu kubwa. Logi za IIS, programu ya Windows ya kuhudumia tovuti, zina tabia hiyo hiyo, kwani hazijifuti zenyewe, na zipo seva zilizozibwa na logi za miaka ambazo hakuna aliyewahi kuzifungua.

Hapa ndipo ule mgawanyo wa ghala unapolipa. Logi zikiwekwa katika voliumu yake, zikijaa hujaza chumba chao tu. Linux ina programu ya logrotate inayozungusha faili za logi na kufuta za zamani. Windows nayo huenda upande wa pili: kwa kawaida logi ya matukio hupewa nafasi ya megabaiti 20 tu, kisha huanza kufuta za kale ili kuandika mpya. Kwenye seva yenye shughuli, fundi anayeitwa wiki 2 baada ya tatizo huenda akakuta ushahidi umeshafutika. Kuongeza nafasi hiyo hakugharimu chochote.

Kuna jambo moja zaidi, na linamhusu mkazi moja kwa moja. Logi inayoandika kila swali huandika pia jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, pengine hata ugonjwa. Ni nakala ya pili ya siri za watu, isiyo na ulinzi wa ile ya kwanza. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, data ya mtu haipaswi kuwekwa kwa muda unaozidi mahitaji ya kazi yake, na data iliyo ndani ya logi ni data ya mtu kama nyingine. Logi ya uchunguzi yafaa kuwashwa kwa muda uliopangwa, izimwe, na faili yake ifutwe kazi ikiisha.

Kukarabati bila kuua

Programu za kukarabati voliumu zina nguvu, na hutumiwa vibaya na watu wenye haraka. Windows ina chkdsk. Ikiitwa bila nyongeza, husoma na kutoa ripoti tu. Ikiongezewa /f hurekebisha mpangilio wa faili. Ikiongezewa /r hutafuta sehemu mbovu katika diski nzima, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi. Linux ina fsck, ambayo haipaswi kamwe kurekebisha voliumu inayotumika, kwa kuwa programu mbili zitakuwa zinaandika mahali pamoja bila kujuana.

Kinachosahaulika ni kwamba kazi ya programu hizi ni kurudisha mpangilio, hata kwa gharama ya baadhi ya yaliyomo. Faili isiyoeleweka hukatwa vipande na kuwekwa kando, katika folda ya FOUND.000 upande wa Windows au lost+found upande wa Linux. Voliumu itafunguka vizuri, lakini rekodi za Machi zitakuwa zimegeuka vipande visivyo na jina. Zaidi ya hayo, kusoma diski inayokufa kutoka mwanzo hadi mwisho ni kumkimbiza mgonjwa mahututi. Kwa hiyo mpangilio ni huu: kwanza soma logi ujue kama tatizo ni mpangilio uliovurugika au diski yenyewe, pili nakili kila kinachonakilika kwenda diski nyingine, na kama ya kwanza inasomeka kwa shida tumia ddrescue, ndipo urekebishe, tena ikiwezekana ile nakala. Baada ya hapo hifadhidata ikaguliwe kwa zana zake, kwani voliumu nzima yaweza kubeba hifadhidata mbovu.

Diski za SSD hazihitaji kupangwa upya kama diski za kuzunguka. Kuzipanga hivyo huzimaliza tu.

Tangu Windows Server 2012 sehemu kubwa ya ukaguzi wa NTFS hufanyika huku seva ikifanya kazi, na urekebishaji wa mwisho huhitaji kuzima voliumu kwa muda mfupi. Katika mifumo mingine bado ni lazima huduma isimame. Tangazo la matengenezo ya usiku wa Jumamosi linahusu kazi ya aina hii, na ni afadhali saa 3 zilizotangazwa kuliko siku 3 zisizotangazwa katikati ya Januari, watu wakiwa foleni kuhuisha leseni.

Nakala ambayo haijajaribiwa

Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, akiwa amechoka usiku, alifuta hifadhidata kuu kwa kudhani yuko kwenye seva nyingine. Gigabaiti 300 hivi ziliondoka. Kampuni ilikuwa na njia 5 za kutunza nakala, na zote zilikuwa na kasoro. Nakala ya kila siku ilikuwa imeshindikana kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua pepe za kutoa onyo zilikuwa zinakataliwa kabla ya kumfikia mtu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja alikuwa amechukua saa 6 awali kwa kazi nyingine kabisa. Hiyo ni kampuni ya wataalamu watupu.

Sheria ya Ulinzi wa Data inadai zaidi ya kuwa na nakala. Inataka anayetunza data aweze kuirejesha kwa wakati hitilafu ikitokea. Njia pekee ya kujua kama hilo linawezekana ni kurejesha nakala kwenye mashine nyingine, angalau kila robo ya mwaka, kisha kumtafuta ndani yake mgonjwa au mlipaji wa jana. Nakala moja ikae nje ya jengo, maana radi na wezi hawachagui diski.

Kwa upande wa mkazi, kila ujumbe wa M-Pesa wa malipo una nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu 10. Nambari hiyo iko pia katika rekodi za Safaricom, kwa hiyo malipo yaweza kuthibitishwa hata kama ofisi iliyolipwa imepoteza diski yake. Ujumbe huo na risiti visifutwe kabla ya mwaka wa leseni kuisha, na vya ardhi vitunzwe miaka yote. Kadi ya kliniki ya mama na mtoto irudi nyumbani na mama kila mara, hata kituo kikiwa na kompyuta. Sheria hiyo hiyo inampa kila mtu haki ya kuuliza ni data gani yake imewekwa, kuiona, na kutaka kosa lirekebishwe. Anayeona malipo yake hayaonekani kwenye sistimu baada ya matengenezo anayo haki ya kuliuliza kwa maandishi, si kwa kunung'unika kwenye foleni.

Diski iliyotolewa kwenye seva nayo bado ina kazi ya kufanyiwa. Kufuta faili hakuondoi maandishi, na diski iliyoshindwa kuendesha seva mara nyingi bado inasomeka mikononi mwa fundi wa mtaani. Haipaswi kuuzwa pamoja na vyuma chakavu wala kuachwa dirishani: hufutwa kwa programu maalumu, au hutobolewa kwa mashine na kuandikwa katika rejista ya mali. Ikiibwa ikiwa na data za watu na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru, ofisi husika ina saa 72 tangu ijue kumwarifu Kamishna wa Data.